Mistari Tisa ya Bwana Tarehe

Mtaani kwetu ubishi haufiki mbali siku hizi. Watu wawili wakianza kushindana nani alihamia kwanza, au kisima cha zamani kilifukiwa mwaka gani, wa tatu atainua kidole na kuuliza, "Bwana Tarehe ameandikaje?" Kitabu kinatafutwa, kinafunguliwa, na aliyeshindwa anaondoka na mdomo wake. Shuleni kinasomwa darasa la tano. Kinyozi amekifunga kwa kamba pembeni ya kioo chake, wateja wasije wakaondoka nacho. Hata wale waliokuwa wakijificha nyuma ya mlango wakimwona marehemu anakuja na daftari lake, leo wanajitapa kwamba yeye na wao walikuwa chanda na pete.

Mimi ndiye niliyekipiga chapa kitabu hicho, kurasa mia moja na kumi na mbili, neno kwa neno. Na mimi ndiye niliyetia ndani yake uongo mmoja, ambao mwenyewe alikufa bila kuujua.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Miaka thelathini na moja alipita nyumba kwa nyumba na tochi, chuma cha kuinulia vifuniko na daftari la ofisi. Mfuko wa nyuma ulikuwa na daftari jingine, la kwake. Akishaandika namba za mita anasimama palepale uani, anafuta miwani kwa pindo la shati, anauliza, "Hivi nyumba hii ilijengwa lini?" Ukimjibu, anauliza nani alichimba msingi. Ukimjibu na hilo, umekwisha, chai yako itapoa. Watoto ndio waliompa jina la Bwana Tarehe, na watu wazima wakalipokea. Mkewe alikuwa akisema kwamba mumewe anajua tarehe ya kila kitu mtaani isipokuwa ya kurudi nyumbani kula. Aliwahi kusimama mazishini, wasifu ukisomwa, akamsahihisha msomaji umri wa marehemu. Marehemu alikuwa amejipunguzia miaka sita na mjane hakuwa na habari. Walimtoa nje kwa adabu.

Hakuwa msomi, lakini alikuwa na utaratibu wake na hakuupindisha kwa ajili ya mtu. Jambo halikuingia kitabuni mpaka lipate mashahidi watatu wasiotoka nyumba moja. Likiwa na wawili, liliachwa daftarini hata miaka mitano likisubiri mwenzao. Ukurasa ukikamilika aliwaendea wanaohusika akawasomea uso kwa uso, ili mwenye neno aliseme. Na karatasi ya mkono ikishapigwa chapa na kuhakikiwa, aliichana. Hakutaka nakala ya pili, hata ya kaboni. Ofisini kwao walikuwa na madaftari mawili, moja la msomaji na moja la karani, na kila yalipotofautiana, mwenye nyumba ndiye aliyekatiwa maji. "Maandishi mawili ni ugomvi, mwanangu," aliniambia. "Likae moja, watu waishi kwa amani." Wakati ule niliona ni maneno ya busara. Leo natamani angekuwa kama wazee wengine, wanaotunza hadi risiti ya redio iliyokufa zamani.

Alipostaafu macho yalikuwa yameshaharibika, mtoto wa jicho kushoto na kulia. Alikuwa bado anaandika, kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa kama za mtoto anayejifunza, lakini kusoma alichoandika alikuwa hawezi tena. Akaja dukani kwangu. Ni chumba kimoja tu, mashine ya kuchapa, mashine ya kutoa kopi ambayo haifanyi kazi mpaka upige ubavu wake kofi, na benchi la wateja. Nilimuuliza kwa nini asiende kwa wale vijana wa kule juu wenye vifaa vipya.

"Wewe unajua kunyamaza," alisema. "Watu wanakuletea barua za talaka na mirathi, na sijasikia hata moja imetoka hapa. Siri ya mtungi iko kwako."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Kuanzia hapo alikuja kila asubuhi kabla ya wateja. Ananipa karatasi, napiga chapa, naitoa mashineni na kumsomea kwa sauti. Yeye anasikiliza kichwa kimeinama, kidole kinagonga goti. Kukiwa na kosa anainua kidole. Kukiwa sawa anasema, "Limekaa," ananyoosha mkono nimpe ile karatasi ya kwanza, anaichana vipande vinne na kuvitia kwenye ndoo chini ya meza. Halafu tunakunywa chai. Zilikuwa asubuhi nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuwa nazo, na ndiyo maana nikizikumbuka sasa nasikia uchungu zaidi.

Tukafika ukurasa wa sitini na tatu, habari za zahanati.

Hapa lazima nimseme baba yangu kidogo. Alikuwa mwashi, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyojenga zahanati. Nyumbani kwetu zahanati ile ilikuwa kama mtoto wa kwanza. Sisi wengine tulizaliwa baadaye. Akipita pale lazima aguse ukuta. Watu walisema "zahanati ya mwenyekiti", na mimi nilikua nikiitwa binti mwenyekiti, nikipewa nafasi kwenye foleni ambayo sikuiomba wala sikuikataa. Wakati tunaandika kitabu, Baba alikuwa amelala kwangu, miguu imevimba, hawezi kufika hata mlangoni. Wageni waliokuja kumjulia hali bado walimwita Mwenyekiti, na nilikuwa naona jinsi neno hilo lilivyomwinua kwenye mto.

Nilichokikuta kwenye karatasi nitakueleza kwa kifupi. Kiwanja kilikuwa cha mjane mmoja mfua nguo, aliyeitwa Mama Dobi, aliyeishi hapo na binti yake mdogo. Kamati ilihangaika miezi minane bila kupata pa kujenga, yule mama akatoa kwake. Hakuuza, alitoa. Aliweka sharti moja tu: ajengewe chumba nyuma ya zahanati, akae humo mpaka kufa kwake, na binti yake baada yake, na asije mtu akawatoa. Baba aliahidi. Yule mama akaomba iandikwe, na Baba akamjibu kwamba neno la mwenyekiti ni maandishi tosha. Haikuandikwa. Siku ya ufunguzi jina la yule mama halikutajwa. Alikuwa kule nyuma anafua shuka za vitanda vipya. Hayo yote kwa mistari tisa. Chini yake Mzee aliandika mashahidi, kama kawaida yake: mkunga wa kwanza wa zahanati, seremala aliyetengeneza milango, na mwenyekiti mwenyewe.

Mwenyekiti mwenyewe! Damu ilinipanda kichwani. Nikamwona yule mzee na daftari lake akinyemelea kitandani kwa Baba mimi nikiwa kazini, akimkamua mgonjwa maneno. Mgonjwa husema lolote ili aachwe apumzike, nilijiambia. Damu ni nzito kuliko maji, nilijiambia. Nilijiambia mengi siku ile. Mtu akishaamua kuiba hakosi sababu.

Nikapiga chapa ukurasa bila ile mistari tisa. Mahali pake nikaweka mmoja: "Kiwanja kilipatikana kwa juhudi za mwenyekiti wa kamati ya ujenzi." Uone ujanja wangu. Ukiuchambua neno kwa neno hutaona uongo wa kushika mkononi. Kilipatikana, basi, kama vile mtu aliinama njiani akakiokota.

Kesho yake asubuhi Mzee alikuja, akakaa, akaegemeza fimbo. "Haya, tusomee."

Nilishika ukurasa uliopigwa chapa kwa mkono wa kulia, juu kidogo, ili macho yake yaone weupe. Karatasi yake ya mkono ilikuwa mezani mbele yangu, na hiyo ndiyo niliyoisoma. Nilisoma yote tisa. Aliinamisha kichwa, kidole hakikugonga goti.

"Hapo kwa yule mama," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo linanitia aibu kuliko mengine yote.

"Limekaa," alisema, akavuta pumzi. "Hili limenila miaka minne, mwanangu. Shahidi wa tatu alikuwa mgumu." Akatabasamu kwa upole, nikajua ananionea huruma kwa sababu ya baba yangu. Akanyoosha mkono. Nikampa karatasi, akaichana vipande vinne, akainama kuitafuta ndoo. "Nilimsomea binti yake juzi, karatasi mkononi lakini kwa kichwa, maana macho hayasomi tena. Alilia sana. Sasa hata tukifa sisi sote, yule ana pa kukaa."

Nikammiminia chai. Alipoondoka vile vipande vinne vilikuwa bado juu kabisa ndooni, ungeweza kuvipanga mezani kwa dakika moja. Nikachukua ndoo nikaenda kuimwaga kwenye shimo la takataka nyuma ya duka, nikawasha kiberiti.

Wiki ileile, nikiwa namkanda Baba miguu, aliniuliza, "Bwana Tarehe ameshafika kwenye zahanati?"

"Ameshafika, Baba."

"Na ya Mama Dobi imeandikwa?"

Nilikuwa nakamua kitambaa. Niliendelea kukikamua hata maji yalipokwisha. "Imeandikwa."

"Afadhali," alisema. "Mara tatu alikuja nikamfukuza. Mara ya nne nikamwita mwenyewe. Yule mama nilimkosea, na kila nilipogusa ule ukuta nilikuwa najua. Niliona aibu kukuambia wewe, unavyoniona mkubwa." Akageukia ukutani, akalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Baada ya wiki mbili akafa.

Kwa hiyo nilikuwa nimemlinda mtu ambaye hakuomba kulindwa, na kile kitu kimoja alichokiomba nilikuwa nimekichoma moto. Na bado nafasi ilikuwepo. Mzee aliishi miezi kumi na mmoja baada ya hapo. Alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye benchi lilelile, na mimi nilikuwa na mdomo. Ningesema, angenikaripia, angeandika upya, kwisha. Nikawa nasema kesho. Mkunga akafa, nikasema kesho. Seremala akafuata. Halafu asubuhi moja mkewe alimtuma jirani kuniambia nisimsubiri Mzee, hataamka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe halikuwa langu.

Baada ya maziko ndipo walipogundua kwamba walikuwa na mtu. Ndivyo tulivyo. Mwalimu mkuu alikuja kuomba nakala ya shule, kinyozi akataka yake, kamati ya zahanati ikataka tano, na zote zilipita kwenye mashine yangu. Kila nilipofika sitini na tatu nilipiga ule ubavu kofi, karatasi ikatoka, nikaiweka juu ya nyingine. Nikaingizwa kwenye kamati kuwa katibu, kwa heshima ya Baba na kwa sababu ya mwandiko.

Miaka sita ikapita hivyo, mpaka ikaja habari ya wodi ya wazazi. Haja ilikuwa ya kweli, siwezi kuwalaumu. Wanawake walikuwa wanashikwa na uchungu kwenye mabenchi ya ukumbini, wengine wanajifungulia palepale. Nafasi pekee ilikuwa nyuma, na nyuma kulikuwa na chumba cha Bi Pasi.

Bi Pasi ni yule binti wa Mama Dobi, sasa mwanamke wa miaka sitini na kitu. Hakuolewa akadumu, hakupata mtoto. Alirithi kamba nne za kuanikia, makarai mawili na pasi ya mkaa yenye mpini wa mbao uliong'aa kwa mikono ya watu wawili. Nusu ya mashati yanayovaliwa mtaani siku za harusi na misiba hupita kwake. Kamati ikaamua apewe barua ya siku thelathini. Barua hiyo niliipiga mimi.

Akaomba kusikilizwa. Tulikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha kusubiria wagonjwa. Mwenyekiti wa sasa alikuwa mwalimu wa udereva, na mkutano anauendesha kama gari la mwanafunzi, mguu haubanduki kwenye breki. Bi Pasi aliingia na gauni lililonyooshwa hadi mikunjo ya mikono, akasalimia mmoja mmoja, akakaa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Sina maneno mengi," alisema. "Mama aliahidiwa chumba kile, na mimi baada yake. Msinisikilize mimi, fungueni kitabu. Bwana Tarehe aliniambia limo, na alinisomea."

"Hapo umesema," mwenyekiti alijibu, na nadhani kwa moyo safi. "Likiwemo, tutajenga kwa kwenda juu hata kama ni ngazi za kutambaa. Kitabu ndiyo sheria yetu. Katibu, tusomee."

Nikafungua sitini na tatu. Nikasoma miezi minane ya kutafuta kiwanja, nikafika pale. Nilipunguza mwendo. Watu kumi na wawili walikuwa wakinisubiri, na hakuna aliyenishika koo. Nikasoma, "Kiwanja kilipatikana kwa juhudi za mwenyekiti wa kamati ya ujenzi," nikaendelea mpaka tarehe ya kuezeka bati.

"Rudia hapo," alisema Bi Pasi.

Nikarudia.

"Geuza nyuma, dada. Labda liko ukurasa wa pili."

Nikageuza, nikamsomea na wa pili. Halikuwemo. Nilikuwa nategemea apige kelele, aseme tumelikata, anirukie. Hakuwaza hilo kabisa. Akasema taratibu, "Kumbe hata yeye. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa maji yangu, akanisomea mambo ambayo hayapo. Kumbe alikuwa anamfurahisha tu mwanamke wa watu."

"Marehemu tumwache apumzike, mama," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Namwacha," alisema. "Mniachie na mimi siku zangu thelathini." Akasimama, akanyoosha gauni, akatoka. Kwenye kumbukumbu za kikao niliandika kwamba mlalamikaji alielezwa na akaridhika.

Siku tatu sikufungua duka. Ya nne nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti. Nilimkuta barazani anapaka viatu rangi, nikamweleza yote tangu mwanzo mpaka kiberiti. Alisikiliza bila kuacha brashi.

"Mashahidi wako nani?" aliuliza.

"Wamekufa wote. Mkunga, seremala, na baba yangu."

"Basi umebaki peke yako. Na Mzee alitaka watatu."

"Mwenyekiti, mimi ndiye niliyefanya. Shahidi wa nini tena?"

"Dada, hebu jiweke upande wangu." Aliweka kiatu chini. "Ama ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa. Mimi nitajuaje? Yule mama anakunyooshea nguo, mnapatana, roho inakuuma. Nakuelewa kabisa. Lakini tukikichokonoa kitabu kwa ulimi wa mtu mmoja, kesho kila nyumba italeta mistari yake. Kitabu kitabaki nini?"

Nikasema nitasimama mbele ya kamati. Akasema nisimame. Nikasimama. Niliongea mpaka nikalia, na sijui kulia mbele za watu. Kinyozi alisema pole pole kwamba tangu nifiwe na Baba sijakaa sawa. Mwalimu mkuu akasema, kwa maneno mazuri sana, kwamba Mzee alichana karatasi zake makusudi ili ugomvi wa namna hii usitokee, na kwamba tukimheshimu tuheshimu na utaratibu wake. Wote wakaitikia. Niliyemdanganya mzee wa watu waziwazi nikakosa wa kuniamini, na kilichoulinda uongo wangu ni uaminifu wake yeye. Walinipa pole, wakanipa na maji ya kunywa, wakapitisha siku ya kubomoa.

Kwa yule niliyemkosea nilikwenda mwisho. Nilianza na wenye vyeo, kama tulivyozoea, nikijidanganya kwamba nikimwendea nimwendee na habari njema. Siku zilipokwisha nikaenda mikono mitupu.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kamba zote nne zilikuwa zimefunguliwa na kukunjwa. Ndani alikuwa amebakiza bunda moja la nguo za wateja, anazikunja azirudishe kabla ya kuondoka. Alikuwa anakwenda kwa binti wa shangazi yake, nyumba ya watu saba, mbali na wateja wake wote.

"Karibu, mdogo wangu. Simama tu, kiti nimekifunga."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Sikupamba, sikumtaja Baba ili anihurumie. Mikono yake iliendelea kukunja mpaka nilipofika kwenye ile asubuhi ya kusoma, hapo ikasimama. Nilitamani anipige. Ningeshukuru.

"Kwa hiyo aliandika," alisema.

"Aliandika, dada."

"Hakunidanganya."

"Hakukudanganya. Ni mimi."

Akakaa juu ya bunda la nguo. "Mwezi mzima nimemsema vibaya mtu wa Mungu," alisema. "Nimepishana na mkewe sokoni nikageuza uso." Akajifuta macho kwa kiganja, akaniangalia kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na hasira ndani yake, au kama ilikuwepo, aliiweka kando kwanza.

"Chumba basi," alisema. "Chumba ni matofali. Nataka unisaidie kitu kimoja. Pale mahali Mzee alipoandika alivyosema mama siku anatoa kiwanja. Maneno yake mwenyewe, mkunga aliyashika kichwani. Mzee alinisomea mara moja, na mimi nilikuwa nalia, sikuyashika vizuri. Nikajiambia si neno, yamo kitabuni, siku yoyote nitamwomba mtu anisomee. Mama hakuniachia picha wala sauti. Wewe uliyasoma."

"Mara mbili," nilisema.

"Basi niambie."

Nikafumba macho. Niliiona karatasi, ule wino mzito, zile herufi kubwa zilizopanda na kushuka. Niliona hata doa la chai pembeni. Nilipata kiwanja, nikapata chumba cha nyuma, nikapata mkunga na seremala na mwenyekiti. Nilijua kabisa mahali maneno ya mama yake yalipokuwa, mstari wa nne na wa tano, ndani ya alama za kufungua na kufunga. Sikuyapata. Kilichokuja kikiwa kizima ni ule mstari wangu, na nilipoufukuza ulirudi palepale ukakaa.

"Usijilazimishe," alisema. "Yatakuja tu. Mimi nipo."

Alikaa mikono magotini, akiniangalia mdomo. Saa nne mkokoteni ulifika mlangoni, mwenyewe akapiga hodi mara moja, halafu mara ya pili. Bi Pasi alimwashiria kwa mkono asubiri, bila kuniondolea macho.